Usizime masasisho, zima kile kinachokuudhi

Yaya, nimesoma ulichoandika. Mashine ya Windows 11 ya kibanda chako cha fotokopi hapo Lubumbashi, komini ya Kenya, imejisasisha usiku, asubuhi umekuta ikoni zote zimehamia katikati, ukibofya kulia neno la kuchapisha halipo, na wanafunzi wamepanga foleni na flashi mkononi. Rafiki amekupa kiprogramu cha kuzuia masasisho yote moja kwa moja, unauliza kama ukiweke.

Usikiweke. Lakini hasira yako ina haki kabisa. Mtu aliyezoea kazi yake anaifanya bila hata kutazama, na anayemhamishia vitu bila kumuuliza anamla muda. Kibandani muda ni franka. Na hilo halikuanza leo. Mwaka 2012 Microsoft waliondoa kitufe cha Start kwenye Windows 8, watu wakalalamika mpaka kikarudi kwenye 8.1 mwaka uliofuata. Baadaye wakaanza kuwasukumia watu Windows 10. Mwaka 2016, Jamhuri ya Afrika ya Kati, watu wa mradi wa hifadhi ya Chinko, wanaolipia intaneti ya setilaiti kwa bei kali, walikuta kompyuta zao zinaipakua zenyewe. Watu wakachoka na usumbufu huo, na wengine wakafunga masasisho yote, kama unavyotaka kufanya wewe.

Sasa angalia kilichofuata. Tarehe 14 Machi 2017 kilitoka kiraka, yaani sasisho dogo la kuziba tundu la usalama, katika sehemu ya Windows inayoruhusu mashine kushirikiana faili na printa. Tarehe 12 Mei, karibu miezi miwili baadaye, kirusi kiitwacho WannaCry kikapita katika tundu hilohilo. Hakikuhitaji mtu abofye chochote, kilijirukia chenyewe kutoka mashine hadi mashine, kikafunga faili katika nchi kama 150 na kudai pesa. Huko Uingereza hospitali zilirudisha wagonjwa nyumbani. Mashine nyingi zilizoangukia humo zilikuwa za Windows 7, na kiraka chake kilikuwapo tayari.

Hapo ndipo watu wanapokosea hesabu. Wanafikiri mashine isiyosasishwa inabaki vilevile kama jana. Hapana. Kiraka kikitoka, wadukuzi nao wanakichukua, wanalinganisha faili ya zamani na mpya, wanaona tundu lilikuwa wapi. Kuanzia siku hiyo, wewe ambaye hukukiweka uko hatarini kuliko ulivyokuwa kabla hakijatoka.

Niliitwa siku moja kwenye ofisi ya madeklara wa forodha, watu wa malori ya mpaka wa Kasumbalesa. Walikuwa wamefunga masasisho kwa sababu hiyohiyo ya sura kubadilika. Nilikuta kila hati imeongezewa herufi za ajabu mwishoni mwa jina, haifunguki, na katika kila folda kuna karatasi ya maandishi inayodai bitcoin, pesa ya mtandaoni. Katibu alikuwa anabofya faktura moja, anafunga, anabofya tena. Kilichopona ni zile hati walizokuwa wamewatumia wateja kwa barua pepe, basi. Malori yalikuwa mpakani yanasubiri.

Na kibanda chako kiko wazi kuliko ofisi ile, maana kila mteja anachomeka flashi yake. Kirusi cha Stuxnet, kilichogunduliwa 2010, kilitumia tundu la Windows ambapo kufungua tu folda ya flashi na ikoni zake kuonekana kulitosha kirusi kuingia.

Kosa kubwa ni la kampuni zinazofunga kiraka na sura mpya katika mzigo mmoja, kama fundi uliyemwita atengeneze kufuli akaondoka amekuhamishia vitanda. Kwa hiyo pokea kufuli, vitanda uvirudishe mwenyewe. Ikoni: fungua « Paramètres », « Personnalisation », « Barre des tâches », shuka hadi « Comportements », chagua ikoni zikae kushoto. Menyu ya zamani ya kubofya kulia: chagua faili, bonyeza Shift na F10 pamoja, neno la kuchapisha litarudi. Ukiwa na kazi nyingi, msimu wa mitihani kwa mfano, tumia « Suspendre les mises à jour ». Unasogeza kwa wiki chache, hufungi milele. Kama unaogopa mega zako, tia intaneti ya simu kwenye « Connexion limitée » ili upakuaji usubiri, halafu uiondoe usiku ukiwa na forfe ya bei nafuu.

Kivinjari weka Firefox ESR, toleo la Firefox la watu wasiopenda mabadiliko. Sura yake inabadilika kama mara moja kwa mwaka, viraka vya usalama vinakuja karibu kila mwezi. Laiti programu zote zingetolewa hivyo! LibreOffice, programu ya kuandikia hati, nayo inakuachia uchague menyu za zamani au mpya.

Wale waliokushauri urudi Windows 10 siungani nao. Masasisho yake ya kawaida yaliisha 14 Oktoba 2025. Kwa mashine dhaifu ningekuwekea Linux Mint, mfumo unaokaa mahali pa Windows: menyu iko chini kushoto kama zamani, na kila toleo linapata viraka kwa miaka mitano. Ila printa lazima tuijaribu kwanza kabla ya kufuta chochote. Niandikie hapa ni printa ya aina gani na mashine ina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) kiasi gani, na usikifungue hicho kiprogramu ulichopewa.