Ngano na ng'ombe: siku hizi naangalia shina, kalenda nimeachana nayo

Aisee wadau, mie nipo Umalila huku Mbeya, na mwezi wa nne huku kila kipande kina mahindi au viazi, ng'ombe hana pa kukanyaga, majani unakata mpaka kiuno kinalia, sasa unaiona ngano yako ilivyo kijani unajiambia mitamba wawili wakila kidogo si itachipua tena? Itachipua kweli, ila inategemea umewatoa lini.

Mwaka juzi nilichelewa kama siku kumi tu. Majani yalirudi nikafurahi, kumbe suke changa lilishapanda ndani ya shina na wao wamelitafuna, na shina lililokatwa suke halitoi jingine. Nusu heka nzima nikavuna mabua, mama watoto ananitania mpaka leo.

Wenzetu wa Oklahoma kule Marekani ndo kazi yao hii. Wanapanda ngano ya baridi mwezi wa tisa, ng'ombe wanaingia kama wa kumi na moja, wanatoka mwishoni mwa wa pili au mwanzoni mwa wa tatu, wa sita wanavuna. Kipimo chao ni shina: ng'oa kama kumi hivi, yale manene, pasua kwa wembe kwa urefu, ukikuta uwazi chini ya kisuke umefika sentimita 1.5 toa ng'ombe siku hiyohiyo. Na pima pale ambapo hawajala, maana iliyoliwa inachelewa, itakudanganya (mie nimezungushia fito kakona kamoja).

Miezi yao usiige lakini. Ngano yao inangoja baridi ipite ndo ipande shina, hizi zetu hazingoji kitu, wiki chache tu zinakimbia, kwa hiyo mie naanza kupasua wiki ya nne tangu kupanda na narudia kila baada ya siku mbili.

Kabla ya kuwaingiza vuta majani kwa mkono kama ng'ombe anavyovuta, yakikatika ni sawa, waingize, ila mmea ukitoka na mizizi subiri. Udongo ukiwa tope usithubutu. Ulipiga dawa ya magugu? Soma kibandiko cha chupa kwanza, uone kinasemaje kuhusu mifugo kula. Wakishatoka weka mbolea ya kukuzia, maana chakula cha ngano kimeondoka tumboni mwao.

Mwaka jana niliwatoa uwazi ukiwa sentimita 1 tu, wakalia uzioni siku mbili, nikarudi kwenye panga langu na kukata majani.