Mwongozo wa PostgreSQL: sentensi isiyojaribika iandikwe upya

Mkuu, umebandika sentensi tatu za mwongozo wenu wa ndani wa PostgreSQL (programu ya hifadhidata), ukauliza kwa nini timu inazisoma na bado inakosea. Kiswahili chake hakina shida. Shida ni kwamba mbili ni za uongo, na ya kwanza haijakamilika kiasi cha kuweza kupimwa kwenye seva. Nianze na hiyo.

"Kuongeza kolamu yenye DEFAULT ni kazi nyepesi." DEFAULT ni thamani inayojazwa mtu asipotoa yake. Lakini nyepesi kwa toleo lipi? Kabla ya toleo la 11 (2018), jedwali zima liliandikwa upya. Kuanzia 11 haliandikwi, ila kwa sharti: thamani isiwe ya kukokotolewa upya kwa kila mstari. DEFAULT now() inapita mara moja, na mistari yote ya zamani inapata saa ileile. DEFAULT clock_timestamp() au gen_random_uuid() inaandika upya kila kitu. Msimwombe msomaji aamini tu, mpeni kipimo:

BEGIN;
SELECT pg_relation_filenode('malipo');
ALTER TABLE malipo ADD COLUMN imeingia timestamptz DEFAULT now();
SELECT pg_relation_filenode('malipo');
ROLLBACK;

Kila SELECT inatoa filenode, namba ya faili la jedwali kwenye diski. Namba mbili zikifanana, jedwali halikuandikwa upya. Weka clock_timestamp() badala ya now() uone zinavyotofautiana. Fanyieni kwenye seva ya majaribio, kwa sababu ALTER hii inashika kufuli la ACCESS EXCLUSIVE, linalozuia wengine hata kusoma jedwali, mpaka ROLLBACK ipite.

Na kufuli hilo ndilo neno "nyepesi" linaloficha. Kukiwa na muamala (transaction) mrefu uliogusa jedwali na haujafungwa, ALTER inasubiri, na kila SELECT inayofika baada yake inapanga foleni nyuma yake. Mfumo unaganda kwa ajili ya amri ambayo yenyewe ingechukua milisekunde chache. Kwa hiyo andikeni hivi: "Toleo la 11 na kuendelea: haiandiki upya jedwali kama DEFAULT ni thamani moja kwa mistari yote. Inahitaji ACCESS EXCLUSIVE. Tanguliza SET lock_timeout = '2s'; ikikatika, hakuna kilichobadilika, rudia." Ni ndefu, ndiyo, lakini mtu wa zamu ya usiku anaweza kuifanyia kazi.

"work_mem ni RAM ya kila muunganisho." Si kweli. Ni kikomo cha kumbukumbu cha kila hatua ya kupanga mistari kwa mfuatano (sort) au ya hash (kuunganisha au kukusanya mistari kwa jedwali la muda) ndani ya kwiri, yaani ombi moja kwa hifadhidata, na kwiri moja inaweza kuwa na hatua kadhaa. Chukua work_mem = 64MB na miunganisho 100. Msomaji wenu atapiga hesabu ya MB 6,400 na kuona seva ya GB 16 inatosha. Kila kwiri ikiwa na hatua tatu za kupanga kwa pamoja, kikomo kinafika MB 19,200. Hatua za hash zinaongeza zaidi: toleo la 15 liliweka hash_mem_multiplier, kizidishi cha work_mem kwa hatua hizo, kuwa 2.0. Tajeni pia kinachotokea kikomo kikipitwa, maana wengi wanadhani kwiri inakufa. Haifi, inamwaga data kwenye faili za muda, na kwa hatua ya kupanga, EXPLAIN ANALYZE (amri inayoonyesha jinsi kwiri ilivyoendeshwa) itaonyesha "external merge Disk".

"timestamptz huhifadhi saa za eneo." Haihifadhi. Inageuza kwenda UTC (saa ya kimataifa, saa tatu nyuma ya Afrika Mashariki) na kutupa eneo. Ingiza '2024-03-01 09:00+03', kisha SET timezone = 'UTC', usome: inarudi 06:00+00.

Hapohapo kuna mtego wetu wenyewe, wa saa za Kiswahili. Mwongozo unaosema "bakapu hufanyika saa 8 usiku" unamwacha mmoja akisoma 02:00 na mwingine 20:00, na seva ikiwa kwenye UTC, cron (kiratibu cha kazi za seva) inatakiwa 23:00. Andikeni 02:00 EAT (23:00 UTC), basi.

Neno jingine la kuliogopa ni "kufuta". DELETE inaondoa mistari, lakini nafasi yake inabaki ndani ya faili mpaka VACUUM (amri ya usafi) iiachie itumike tena. TRUNCATE inamwaga jedwali zima na kurudisha diski. DROP inaondoa jedwali lenyewe. Zote tatu zikiitwa "kufuta", siku moja mtu atachagua isiyo yake. Acheni jina la amri kwa herufi kubwa. "Inaweza" nayo ina utata: "mtumiaji wa ripoti anaweza kusoma malipo" ni ruhusa mliyompa makusudi, au ni hatari mnayoitahadharisha?

Vipimo kama kile cha filenode vikae kwenye faili la .sql pembeni ya ukurasa wake, viendeshwe kila mnapopanda toleo. Na viungo vya kwenda mwongozo rasmi vielekeze /docs/16/ au toleo mnalotumia, si /docs/current/, kwa sababu hicho kinahama kila toleo kubwa jipya linapotoka.