Maswali ya Wasomaji: Kula Nyumbani kwa Mwenyeji Ugenini

SWALI: Ndugu Mhariri, mwezi ujao nitasafiri nje ya nchi kwa mara ya kwanza, na familia ya mfanyakazi mwenzangu imenikaribisha nikae kwao siku nne. Dada yangu anasisitiza nile hotelini tu, kwa kuwa chakula cha nyumbani ugenini kitaniharibu tumbo. Isitoshe, nina mzio wa karanga. Je, niukatae mwaliko?

JIBU: Usiukatae. Hofu ya dada yako ina msingi, ila ameielekeza pasipo pake. Vijidudu vinavyowasumbua wasafiri havibagui nyumba na hoteli. Hustawi katika chakula kisichoiva vizuri, au kilichoiva kisha kikaachwa kipoe kwa muda mrefu. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba chakula kipikwe hadi joto la ndani lifike nyuzi 70 za Selsiasi, na kwamba kilichokwisha kupikwa kisikae nje ya jokofu kwa zaidi ya saa 2. Kwa kipimo hicho, chungu kilichoepuliwa sasa hivi na kupakuliwa mbele yako kina usalama kuliko meza ya hotelini ya kujipakulia, ambayo vyakula vyake vimekuwa vuguvugu tangu asubuhi. Mimi mwenyewe hutazama mvuke kwanza, kitambaa cha meza baadaye.

Tahadhari yako iweke kwenye maji, mboga mbichi zilizooshwa kwa maji hayo, na barafu, kwani kugandisha maji hakuyasafishi. Wenyeji huenda wakayanywa bila kudhurika, kwa hiyo usione ajabu wakishangaa ukiomba yaliyochemshwa. Tunda utakalolimenya mwenyewe, baada ya kunawa mikono, halina neno. Kwa kuwa safari ni mwezi ujao, mwone daktari wiki hii umuulize kuhusu chanjo ya homa ya ini aina ya A na ya homa ya matumbo, maana chanjo huhitaji muda kabla ya kuanza kukukinga.

Karanga ndilo jambo zito. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kwa mfano, sheria huwataka wauza chakula wawajulishe wateja kuhusu viambato 14 vinavyosababisha mzio, karanga zikiwamo. Lakini hakuna sheria inayoingia katika jiko la mtu. Mwarifu mwenyeji kabla hujaondoka, si wakati sahani imekwisha kuwekwa mbele yako, naye mwenzako akuandikie kwa lugha ya nyumbani kwao kwamba hata mwiko uliokorogea karanga unaweza kukudhuru. Sema wazi kuwa ni ugonjwa, kwa sababu mpishi humsamehe mgonjwa upesi kuliko mchaguzi wa vyakula. Ikiwa umeandikiwa sindano ya adrenalini, ikae katika mkoba unaoingia nao ndani ya ndege. Ukifika, omba kusaidia kumenya na kukatakata: utajifunza mapishi yao na, bila kumhoji mtu, utaona kila kinachotiwa chunguni.

SWALI: Mama mwenyeji alinifungia nyama aliyoikausha mwenyewe, nikanyang'anywa uwanja wa ndege. Je, nilionewa?

JIBU: Hapana, ingawa naelewa uchungu wake. Nyama na maziwa huweza kubeba magonjwa ya mifugo hata vikiwa vimekaushwa, na ndiyo maana Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria kutoka nchi nyingi za nje kuviingiza katika mizigo yao, huku Australia ikimtaka kila msafiri atangaze chakula alichobeba na kumtoza faini anayekificha. Safari nyingine soma masharti ya nchi unayoingia kabla ya kufunga mzigo, na mwenyeji akikuletea kifurushi cha namna hiyo, kifungueni mkile pamoja usiku wa kuamkia safari.