Maswali ya Wasomaji: Albamu Imepoa, Nifanyeje?

SWALI: Nimemsubiri mwimbaji wangu miaka mitatu. Albamu imetoka, nyimbo 12, zote zinatambaa. Nimeisikiliza kwa spika ya simu ndani ya taksi kutoka Busia hadi Kampala, sijapata hata mmoja wa kutikisa bega. Mimi ni dijei wa kwanjula (sherehe ya Uganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi) na harusi. Nikiziongeza kasi, zitachezeka? (Msomaji, Busia)

JIBU: Kwa spika ya simu hukuisikia albamu, ulisikia nusu yake. Besi ya nyimbo nyingi hukaa kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 40 na 100, na spika ndogo ya simu haifiki huko. Wimbo wa kasi hustahimili, maana kayamba na makofi hubaki. Wa polepole hubakiwa na sauti ya mwimbaji tu, nayo injini ya taksi huimeza kila anaponong'ona. Rudia nyumbani kwa spika yenye besi, kwa mpangilio wake. Mpangilio una uzito: Novemba 2021, kwa ombi la mwimbaji Adele, programu ya muziki ya Spotify iliacha, kwa wanaolipia, kuchanganya nyimbo za albamu pale unapobonyeza kitufe kikuu cha kucheza.

Kisha pima. Hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4 upate mapigo kwa dakika, andika ya kila wimbo. Ukipata kama 70, hesabu tena ukifuata kayamba. Pengine ni 140, ila ngoma kubwa inaruka pigo moja. Nyimbo zote 12 zikiwa kati ya 68 na 74, na kila kiitikio kikiingia mahali palepale, lawama yako ni ya haki kabisa. Upole si kosa. Kosa ni kutobadilika, na hilo mtayarishaji alipaswa kulisikia mapema.

Kuongeza kasi hakutakusaidia. Amapiano, muziki wa kuchezeka wa Afrika Kusini, hukaa karibu na mapigo 112. Kutoka 70 ni ongezeko la asilimia 60. Asilimia 6 tu hupandisha sauti nusu toni, na unapata mapigo 74. Ukiwasha kifungio cha toni (key lock) kwenye mashine ya dijei, sauti haitapanda, lakini ukizidi asilimia 10 hivi sauti ya mwimbaji huanza kukwaruza. Zipige wageni wanapokula. Ule wa 70 uliogundua ni 140 ndio wa kukuvusha: uunganishe na wimbo wa mapigo 140, ngoma zikilingana, watu wainuke mezani.