Mkanda Mweusi Ndipo Mahali pa Kuanzia

SWALI: Mwanangu wa miaka 9 ameanza kujifunza karate. Huinama anapoingia ukumbini na huinama tena kabla ya kupambana na mwenzake. Jamaa wananiambia kuwa hiyo ni ibada ya kigeni. Je, ni kweli? Na mkanda mweusi anaoutamani kila siku una maana gani?

JIBU: Ndugu mzazi, umefanya vyema kuuliza mapema. Kuinama huko ni salamu: nchini Japani watu huinamiana wanapokutana na wanapoagana, na desturi hiyo ilisafiri pamoja na mchezo. Katika baadhi ya kumbi hutundikwa picha ya mwanzilishi wa mtindo unaofundishwa, nayo huinamiwa kwa heshima. Dhamiri yako ikisita hapo, zungumza na mwalimu waziwazi.

Mimi naithamini zaidi salamu ya kabla ya pambano. Mtoto anayeinama anamkabidhi mwenzake mwili wake, akiamini kwamba ngumi itakayorushwa kuelekea usoni itasimamishwa kabla ya kufika. Katika judo, mchezo mwingine wa Kijapani wa kuangushana na kukabana, aliyebanwa hugonga mkeka mara mbili kwa kiganja, na aliyembana humwachia papo hapo, hata kama ushindi alikuwa ameutafuta kwa jasho jingi. Nguvu ya kuachia hufundishwa sambamba na nguvu ya kukaba.

Ama kuhusu mkanda, madaraja ya dan, yaani ngazi za mkanda mweusi, yalianzishwa katika judo na Jigoro Kano, mwalimu aliyeuasisi mchezo huo mwaka 1882, kisha Gichin Funakoshi, mwalimu wa karate kutoka kisiwa cha Okinawa, Japani, akayaingiza katika karate mwaka 1924. Daraja la kwanza la mkanda mweusi huitwa shodan, yaani daraja la kuanzia. Anayelifikia ni kama mwanafunzi aliyekwisha kuzijua herufi zote, ambaye sasa ndipo anaweza kuanza kusoma. Kwa hiyo nasikitika ninapoona mkanda huo ukiahidiwa watoto kwa muda maalumu, kana kwamba ni bidhaa ya kulipia kidogo kidogo.

Nenda ukaketi pembeni ya mkeka jioni moja. Usihesabu mateke. Mtazame mwenye mkanda wa juu anapopangiwa mwanafunzi mgeni, uone kama anapunguza kasi na kumrekebisha mkono, au anamwangusha ili atazamwe.