Dawa ya kukuza kope inafanya kazi kweli?

Siz, umeuliza kama dawa ya kurefusha kope ni ukweli ama porojo. Inafanya, lakini si ya kuokota tu kwa vibanda vya tao. Yenyewe inaitwa Latisse, ndani iko na kiungo cha bimatoprosti asilimia 0.03, ambacho mwanzo kilikuwa dawa ya glakoma (ugonjwa wa presha ya macho), wagonjwa wakaanza kuota kope ndefu hadi Marekani wakaiidhinisha 2008. Usiku unatoa mekap yote, unapaka tone moja na kaburashi kake kwa mstari wa kope za juu peke yake, ikimwagika panguza, juu nywele zitaota hata penye hutaki (shavuni, imagine), halafu uvumilie kama wiki 16. Ukiacha zinarudi vile zilikuwa. Macho huweza kuwasha na ngozi ya hapo iwe nyeusi, muone daktari wa macho kwanza, hasa kama uko na presha ya macho.