Kuku ni wa halali, je, sosi na mafuta?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Mimi ni binti wa Tanga, nafanya kazi London kwenye mgahawa wa kuku wa kukaanga wa Kikorea. Kuku wanatoka kwa mchinjaji Mwislamu. Lakini sosi ya soya na kitunguu saumu hutiwa mirin, yaani mvinyo mtamu wa mchele wa Kijapani, mandu (maandazi ya Kikorea yenye nyama ndani) za nguruwe hukaangwa katika mafuta yaleyale, na jioni napeleka bia mezani. Waislamu wenzangu wanasema pombe huisha motoni na moto hutakasa mafuta. Mshahara huu ndio unaomsomesha mdogo wangu. Je, nile? Niache kazi?

JIBU: Waalaykumu salaam, binti yangu. Uchinjaji hauna tatizo, tuuache. Usile kuku wa hapo kwa sasa, hata asiyepakwa sosi.

Hao wanaosema pombe huisha motoni hawajatazama kuku huyu anavyopikwa. Hukaangwa kwanza kwenye mafuta ya nyuzi 160 hivi, hutolewa mvuke umtoke, kisha hurudishwa kwenye nyuzi 180 ngozi ikauke. Sosi hupakwa kwa brashi baada ya hapo, maana ikitangulia sukari yake huungua. Mirin halisi ina pombe kama asilimia 14, na sosi huchemshwa kidogo tu. Vipimo vya Wizara ya Kilimo ya Marekani vinaonyesha kwamba pombe iliyochemshwa ndani ya chakula dakika 15 hubaki asilimia 40, na nusu saa asilimia 35. Imeishia wapi?

Na hata ingeisha yote, hoja haisimami. Sahaba Abu Talha alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu mvinyo wa mayatima, je, augeuze siki? Alikatazwa, akaamriwa aumwage. Mali ya yatima! Vipi sisi tuitie pombe chunguni kwa makusudi, halafu tuutegemee moto utusafishie?

Sosi ya soya yenyewe ni jambo jingine: chembe za pombe zilizomo huzaliwa na kuchacha kwake, hailevi, na wanazuoni wengi wa zama hizi wameiruhusu. Gochujang, ile rojo ya pilipili ya Kikorea iliyochachishwa, soma pakiti, kwani baadhi ya viwanda huongeza pombe ili isiendelee kuchacha pakiti ikafura. Zenye nembo ya halali zipo.

Mafuta ni mazito zaidi. Shahamu ya nguruwe huyeyukia humo, na kwa madhehebu yetu ya Shafii mafuta yaliyonajisika hayatakasiki kwa kuchujwa wala kuchemka. Yamwagwe, kikaango kioshwe mara saba, moja kwa maji ya udongo, na mandu zipewe kikaango chake. Mwambie mwenye mgahawa kwa adabu. Malaysia migahawa ya kuku hawa hufanya kazi kwa cheti cha halali cha JAKIM, idara ya serikali ya mambo ya Kiislamu, kwa hiyo si jambo lisilowezekana. Badala ya mirin, maji vijiko vitatu, sukari kimoja na siki ya mchele nusu kijiko vinatosha.

Bia ndiyo inayonitia hofu juu yako. Mbebaji yumo katika wale kumi waliolaaniwa katika hadithi kwa ajili ya pombe. Na kwa kuwa Wakorea wamezoea kumla kuku huyu kwa bia, mlo wanaouita chimaek, kazi hiyo haitapungua. Omba leo uhamishiwe kwenye kuandaa kuku na kupaka unga. Wakikataa, usiondoke kwa hasira ukakosa kodi katika mji wa watu. Tafuta kwingine wiki hii hii ukiwa bado unalipwa, kwani dharura hupimwa kwa kadiri yake. Waulize msikitini na Waswahili wenzio wa London, wao wanajua kazi zilipo. Mdogo wako mweleze mapema kwamba ada huenda ikachelewa mwezi. Na mshahara uliokwisha kuutumia kabla hujajua hukumu usikukoseshe usingizi.

Wallahu aalam.